Christian Doppler, mtoto wa wachonga mawe

Kwenye mashine ya ekografi kuna neno moja ambalo wengi wetu tumeliona bila kulijali. Mama mwenye mimba amelala kitandani, munganga anampaka dawa ya baridi tumboni, anafinya kabutoni, na mara chumba kizima kinasikia moyo wa mtoto ukikimbia. Kazi ile inaitwa Doppler. Wengi wanafikiri ni jina la kampuni iliyotengeneza mashine. Hapana. Ni jina la mtu, Christian Andreas Doppler, mwalimu wa hesabu aliyekufa mwaka 1853, zaidi ya miaka 100 mbele waganga hawajaanza kutumia wazo lake kwa mgonjwa.

Tunamleta leo kwa wasomaji wetu wa machimbo, wale wa upande wa Manguredjipa na wale wanaotoka Mambasa kushuka Beni, pamoja na bibi zao na watoto, kwa sababu maisha ya mtu huyu yamezungukwa na mawe toka mwanzo. Na siku hizi wazo lake linatumika kuchunguza ugonjwa mmoja ambao vumbi la mawe linasaidia kuuleta. Tutaufikia. Tuanze na mtoto mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 29 mwezi wa 11 mwaka 1803 mjini Salzburg, ambao leo uko katika nchi ya Austria. Baba yake alikuwa fundi mkubwa wa kuchonga mawe, na jamaa yao ilikuwa katika kazi hiyo tangu miaka ya 1600. Nyundo, tindo, vumbi, na feza nzuri pia, sababu makanisa na nyumba za matajiri zilihitaji mawe. Desturi ilikuwa wazi: mtoto wa kiume anashika nyundo ya baba. Lakini Christian alikuwa mwembamba, mwenye afya dhaifu, na kazi ya mawe haimhurumii mtu dhaifu. Baba akaona huyu hataweza. Kwa hiyo wakatafuta njia ingine, na mwalimu mmoja wa hesabu wa pale Salzburg, Simon Stampfer, akaona kwamba kichwa cha kijana kina nguvu ambayo mikono haina. Akashauri apelekwe Vienna, kwenye chuo cha ufundi. Alifika kule mwaka 1822.

Msifikiri kwamba toka siku hiyo mambo yalinyooka. Alimaliza masomo, akawa msaidizi wa profesa kwa miaka 4, kisha mkataba ukaisha na akabaki bila kazi. Akaandika maombi ya kazi fasi nyingi. Mtu mwenye hesabu zote zile kichwani alikaa mwaka mmoja na nusu akiandika vitabu vya feza katika kiwanda cha kusokota pamba. Vijana wetu wenye diploma wanaozunguka na moto mjini Butembo wanajua hali hiyo. Mwaka 1835 alichoka kabisa. Akauza vitu vyake, akaenda hadi Munich kuonana na konsula wa Marekani, ahamie kule ng'ambo asirudi. Njo pale barua ikamfikia: shule moja ya Prague inamtaka kama mwalimu. Akageuza safari.

Mwaka uliofuata akaoa. Bibi yake, Mathilde Sturm, alikuwa binti wa sonara wa Salzburg. Mtoto wa jiwe akamwoa mtoto wa dhahabu, wangesema wazee wetu. Walizaa watoto 5.

Kule Prague kazi ilikuwa nzito kuliko mshahara. Wanafunzi walikuwa mamia, na mitihani ilifanywa kwa mdomo, mmoja mmoja, siku na siku. Wanafunzi wakamshitaki kwamba ni mkali mno, wakubwa wakafanya uchunguzi. Kifua nacho kilikuwa kimeanza kumsumbua, ikabidi apewe likizo ndefu ya ugonjwa.

Katikati ya taabu hiyo, tarehe 25 mwezi wa 5 mwaka 1842, alisimama mbele ya chama cha wanasayansi wa Prague akasoma karatasi yake kuhusu rangi za nyota. Watu waliokuja kumsikiliza walikuwa wachache sana. Wazo lenyewe, ukiliondolea hesabu, mvuvi yeyote wa Kyavinyonge analijua kwa mwili wake. Ukisimamisha mtumbwi katikati ya ziwa, mawimbi yanaupiga kwa mwendo mmoja. Ukipiga kasia kwenda mbele kuyakuta mawimbi, yanakupiga haraka haraka. Ukiyakimbia, yanakupiga polepole. Mawimbi hayakubadilika, ni wewe uliyetembea. Doppler mwenyewe alitumia mfano wa chombo majini. Akasema sauti na mwanga ni mawimbi pia, kwa hiyo nayo lazima yafuate kanuni ile ile.

Simama kando ya barabara ya Butembo kwenda Beni, lori lipite kwa mbio likipiga honi. Likija, sauti ni nyembamba. Likishakupita, sauti inashuka, inakuwa nzito. Dereva ndani hasikii mabadiliko yoyote. Hiyo njo kanuni ya Doppler.

Lakini wakati ule hapakuwa na lori, na watu wengi hawakuamini. Mholanzi mmoja, Buys Ballot, akaamua kupima. Mwaka 1845 alipata treni karibu na mji wa Utrecht, akapandisha wapiga tarumbeta juu yake, na kando ya reli akaweka wanamuziki wenye masikio makali. Mara ya kwanza, mwezi wa 2, baridi na theluji viliharibu kila kitu. Wakarudia mwezi wa 6. Treni ilipokuja tarumbeta zilisikika juu zaidi, ilipokwenda zilishuka, kama vile yule mtoto wa mchonga mawe alivyopiga hesabu. Kuhusu rangi za nyota, Buys Ballot alikataa, na hapo Mholanzi alikuwa na haki. Doppler alifikiri kwamba nyota zote ni nyeupe na rangi zao zinatokana na mwendo. Sivyo: nyota nyekundu na nyota ya bluu zinapishana kwa joto. Wazo lilikuwa la kweli, mfano wake njo ulikuwa mbaya. Tunalisema wazi kwa sababu siku hizi watu wanapenda kuchora wasomi kama malaika.

Mwaka 1847 akaacha Prague. Na alikwenda wapi? Machimboni. Alipewa kazi ya kufundisha hesabu, fizikia na mekanika katika chuo cha madini cha Schemnitz, mji unaoitwa leo Banská Štiavnica, katika Slovakia. Ulikuwa mji wa dhahabu na feza, wenye mashimo ya mamia ya miaka. Ndani ya mashimo hayo, mwaka 1627, watu walipasua mwamba kwa baruti, katika siku ambazo wachimbaji wengine wa Ulaya walikuwa bado wanachimba kwa tindo na moto tu. Kwa hiyo Doppler alirudi kati ya watu wa nyundo, safari hii akiwa mwalimu wao.

Na alipata kitu chao cha kufanyia kazi. Wapimaji wa mashimo walikuwa wanachora ramani za njia za chini ya ardhi kwa kutumia dira. Sindano ya dira haionyeshi fasi moja milele: inasogea kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Doppler akaona kwamba ramani za zamani za wachimbaji, zilizolala makabatini na vumbi, zilikuwa zimeandika mwendo wa sindano hiyo bila mtu kukusudia. Njia ya mgodi haihami. Ukiipima upya kwa dira ya leo na kulinganisha na ramani ya babu, tofauti inakuambia sindano imesogea kiasi gani. Mwaka 1849 aliandika juu ya jambo hilo. Tunapenda ukurasa huu wa maisha yake kuliko hata ule wa tarumbeta: profesa aliyeona kwamba makaratasi ya wachimbaji yana elimu ndani.

Hakukaa. Mwaka 1848 fujo za mapinduzi zilienea katika Ulaya nzima, Schemnitz nayo ikafikiwa, na Doppler na watoto wake wakaondoka. Watu wa Beni hawahitaji kuelezwa maana ya kufunga vitu na kuondoka. Alirudi Vienna, akachukua kiti cha ualimu cha Stampfer, yule yule mwalimu wa utoto wake, na mwaka 1850 Kaizari Franz Joseph akamfanya mkurugenzi wa kwanza wa taasisi mpya ya fizikia ya chuo kikuu. Kati ya wanafunzi waliosikiliza masomo yake alikuwemo mtawa kijana aitwaye Gregor Mendel, ambaye baadaye alikuja kugundua namna maumbile ya wazazi yanavyoingia kwa watoto.

Heshima hiyo haikudumu. Mwaka 1852 profesa mwenzake, Josef Petzval, alimshambulia mbele ya Akademia, akidai kanuni hiyo ni ndogo mno na haina uzito. Doppler alikuwa tayari mgonjwa wa mapafu. Mwezi wa 11 mwaka huo akaenda Venice, katika Italia, akitumaini hewa ya bahari itamsaidia. Haikumsaidia. Bibi yake alimfuata kule. Doppler akafa tarehe 17 mwezi wa 3 mwaka 1853, na umri wa miaka 49. Walimzika katika kisiwa cha makaburi cha San Michele.

Waandishi wa maisha yake wanasema ni kifua kikuu. Hatudai kwamba vumbi la nyumba ya baba njo lilimwua. Lakini waganga wa leo wanajua jambo ambalo wa wakati wake hawakulijua: vumbi laini la mawe, lile lenye silika, linachoka mapafu na kuyafungulia kifua kikuu mlango. Mchimbaji mwenye silikosi anakamatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine.

Na vumbi hilo haliharibu mapafu peke yake. Mwaka 1914 munganga Byron Bramwell wa Edinburgh, katika Scotland, aliandika juu ya wagonjwa 9 ambao ngozi yao ilikuwa imekakamaa. Kati yao 5 walikuwa wachonga mawe. Mwaka 1957 munganga Erasmus wa Afrika Kusini akaona ugonjwa ule ule kwa wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand. Toka hapo uchunguzi mwingi umefanywa, na leo inakubaliwa kwamba wanaume waliovuta silika kwa miaka mingi wana hatari kubwa zaidi ya kuupata. Ugonjwa huo kwa Kifaransa ni sclérodermie systémique, sisi tuuite sklerodemia ya mwili mzima. Ni ugonjwa wa nadra. Wachimbaji wengi hawataupata. Lakini anayeupata, mara nyingi anachelewa kujulikana.

Unaanza namna gani? Mara nyingi kwa vidole. Asubuhi ya baridi, na Butembo inajua baridi, vidole vinageuka vyeupe, halafu rangi ya bluu, halafu vinakuwa vyekundu na kuuma. Mtu anayeshika mashine ya kutoboa mwamba anaweza kupata vidole vyeupe kwa sababu ya mtetemeko tu, na wengine wanavipata bila ugonjwa wowote nyuma yake. Lakini kama ngozi ya vidole inavimba, inakaza, ngumi inakataa kufungika, hapo ni jambo lingine. Kisha tumbo linaanza. Chakula kinakwama kifuani, kiungulia hakikomi, tumbo linajaa hewa, leo kuharisha, kesho kufunga choo, na mtu anakonda. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wa sklerodemia wanaguswa kwenye njia ya chakula.

Hapa kwetu, mtu wa machimbo akikonda hivyo na vidole vimebadilika rangi, neno la kwanza nyumbani ni sumu. Karuho. Mwenzake wa shimo amemwonea wivu juu ya mfuko wa mawe. Tunajua jamaa zilizogawanyika kwa maneno kama hayo, na mgonjwa akazungushwa toka kwa mutu wa miti hadi kwa mutu wa maombi, miezi ikapita. Wakati huo mishipa midogo ya damu ndani ya mwili wake ilikuwa inazidi kufungwa. Njo siri ya ugonjwa huu: kinga ya mwili inajigeuza na kushambulia mwili wenyewe, kuta za mishipa midogo zinaumia na kuwa nene, damu inapita kwa shida, na nyama inayokosa damu inageuka kovu gumu. Vidole tunaviona. Utumbo hatuuoni.

Na hapa Doppler anarudi.

Katika miaka ya 1950, Mjapani Shigeo Satomura na wenzake wa Osaka walituma mawimbi ya sauti ndani ya mwili, sauti nyembamba mno ambayo sikio la mtu halishiki. Mawimbi yanagonga chembe za damu na kurudi. Chembe zinazokuja upande wa mashine zinarudisha sauti iliyopanda, zinazokwenda mbali zinarudisha iliyoshuka. Lori na honi, tena. Ile tofauti kati ya sauti iliyotumwa na iliyorudi, mashine inaitoa kwenye spika, na ndiyo ule mlio wa kukimbia anaousikia mama mwenye mimba. Kwenye kioo inawekwa rangi: kwa kawaida nyekundu ni damu inayokuja, bluu ni damu inayokwenda. Watu wanafikiri nyekundu ni damu safi na bluu ni damu chafu, lakini ni mwelekeo tu. Mtu aliyekosea rangi za nyota, tazama, mwendo wa damu unachorwa kwa rangi kwa jina lake.

Kwa utumbo, munganga anatafuta mshipa mkubwa unaotoka kwenye mshipa mkuu wa mwili, nyuma ya tumbo, na kupeleka damu kwenye utumbo mwembamba. Unakuja na njaa, bila kula toka usiku, kwa sababu chakula na hewa tumboni vinafunika picha. Anapima mwendo wa damu. Kisha unaweza kupewa chakula, na baada ya muda anapima tena. Kwa mtu mzima wa afya, damu inaongezeka sana baada ya kula, sababu utumbo unaiita kwa kazi. Wachunguzi wa sklerodemia wanatazama kama damu inaitika vizuri, na kama mishipa inapinga kupita kwake. Kipimo hiki hakina maumivu, hakina sindano, hakina mionzi ya radio.

Tusiwadanganye: si kipimo cha kutambulisha ugonjwa peke yake, na bado kiko zaidi katika uchunguzi kuliko katika kazi ya kila siku ya opitali. Mishipa midogo kabisa, ile inayougua kwanza, ekografi ya kawaida haiwezi kuiona. Tena inahitaji mkono uliofunzwa, kwa sababu kugeuza kachombo vibaya kunabadilisha hesabu. Mashine nyingi za siku hizi zina Doppler ndani, lakini mara nyingi inatumika kwa mimba na moyo tu. Sklerodemia inajulikana kwanza kwa kushika mikono ya mgonjwa, kutazama ngozi yake na mishipa kwenye mzizi wa kucha, na kupima damu kutafuta antikori. Dawa ya kuumaliza haijapatikana. Lakini ziko dawa za kufungua mishipa ya vidole, za kutuliza asidi ya tumbo, za kupunguza vijidudu vinavyozidi utumboni, na zingine za kupooza kinga ya mwili. Na kupima presha mara kwa mara, sababu figo nazo zinaweza kushambuliwa ghafla.

Upande wa vumbi, maji yanasaidia kuliko kitambaa. Mwamba uliolowanishwa mbele ya kutobolewa au kusagwa hautoi wingu lile. Kitambaa kilichofungwa puani kinazuia vumbi unaloliona, lakini lile linalofika ndani ya mapafu ni laini mno, jicho halilioni. Hii inawahusu pia mama zetu wanaotwanga mawe, mara nyingine na mtoto mgongoni, ambao hakuna anayewahesabu kama wachimbaji.

Na ukifika kwa munganga, usingoje akuulize kazi. Wengi hawaulizi. Mwambie umekaa miaka mingapi shimoni, au kwenye mashine ya kusaga, au kwenye kinu, na umwonyeshe vidole hata kama ni tumbo lililokuleta.